Hotpot na washkaji mpaka bingsu: wapi narudi na wapi sirudi

Jumamosi tulitoka watu watano, wale wale wa siku zote, tukaanza na hotpot halafu tukapita kafe mbili za vitu vitamu, na kwa kuwa kwenye grupu letu mimi ndo huwa nachagua sehemu, nimeona niandike yote hapa maana kila wiki kuna mtu ananiuliza upya eti ile sehemu ilikuwaje. Kabla sijaenda mbali: hotpot narudi, kafe ya kwanza ile ya boba (chai ya maziwa yenye chembe za muhogo) sirudi, kafe ya pili ya bingsu (kitu kitamu cha baridi cha Kikorea) ningerudi hata leo jioni.

Mimi nikitoka na watu nina kipimo kimoja tu. Chakula kitamu sana unaweza kwenda kula peke yako ukiwa na nafasi, hilo halina shida. Nikiwa na watu naangalia kama chakula kinatuweka pamoja au kinatutawanya, yaani tukikaa mezani wote tunakula kwa wakati mmoja, au mmoja keshamaliza anachezea simu na mwingine bado anaangalia mlango wa jikoni kama sahani yake inakuja. Tushakaa sehemu nzuri sana tukaondoka hatujaongea chochote cha maana kwa sababu chakula kilikuja kwa zamu zamu, kila mtu na muda wake. Hotpot hilo tatizo haina. Chungu kiko katikati kinachemka, mboga zimezunguka, nyama imezunguka, hakuna anayemaliza kabla ya mwenzake kwa sababu hakuna sahani ya mtu.

Kwa ambaye hajawahi kwenda: unakaa, mezani kuna jiko la umeme limezamishwa katikati, unachagua supu, halafu unachagua vitu vya kuchovya na kupika mwenyewe humo humo. Sisi tuliagiza kile chungu kilichogawanywa kati, upande mmoja supu nyekundu ya mala na upande wa pili supu nyeupe isiyowasha. Wachina hicho chungu wanakiita yuanyang, ni jina la wale bata wa rangi rangi wanaotembea wawili wawili, dume na jike. Nalipenda hilo jina, linafaa kabisa kwa meza yenye watu wa pilipili na watu wasiogusa pilipili.

Sasa hiyo mala. Ma ni ganzi, la ni ukali, na vyote viwili vinakuja kweli, tena sio kwa pamoja. Ukali unaanza, ule wa pilipili nyekundu kavu unaoujua, halafu kama nusu dakika hivi midomo inaanza kutetemeka, ulimi unakuwa kama umepigwa sindano kidogo, ukinywa maji yanakuwa na ladha ngeni, kama ya chuma na ndimu. Hiyo inatoka kwenye pilipili ya Sichuan, ambayo kiukweli sio pilipili na sio pilipili manga, ni maganda ya tunda dogo la mti wa familia moja na michungwa na milimao, ndo maana ukiitafuna moja peke yake unasikia harufu ya ganda la limao kabla ganzi haijafika. Mwenzetu mmoja alikuwa hajawahi, akanishika mkono akaniuliza "hii ni kawaida au nina aleji?", nikamwambia ni kawaida, subiri. Akakimbilia maji. Maji hayasaidii, kile kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ukibanwa omba maziwa au kitu chenye maziwa. Mhudumu alikuja na glasi ya maziwa ya baridi bila hata kuombwa, aliona tu uso wa mtu akajua.

Na hapa nimsifie huyo mhudumu maana yeye ndo alibeba usiku mzima. Dada mmoja mtaratibu, sauti ya chini, alivyotuona tunaanza kumwaga kila kitu kwenye chungu kwa mpigo akaja akasema "dada zangu, kaka zangu, hebu subirini kidogo niwaonyeshe". Akatupangia. Uyoga na kabichi ya Kichina na nyanya kwanza, hivyo vinaipa supu ladha. Viazi na mizizi ya yungiyungi, ile yenye matundu matundu, navyo mapema kwa sababu vinachukua muda. Madonge ya samaki yakishaelea juu na kuvimba yameiva. Majani mabichi dakika moja tu yatoke. Tambi mwisho kabisa, wakati supu imeshakunywa utamu wa kila kitu kilichopita humo. Na nyama ya ng'ombe, ile iliyokatwa nyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili, hiyo usiiachie kwenye chungu hata kidogo, unaishika kwa vijiti, unaizamisha, unahesabu.

Alituonyesha na kimoja. Kipande chekundu chenye mistari myeupe ya mafuta, kikaingia upande wa supu nyeupe, kingo zikaanza kujikunja na kuwa kijivu, katikati bado pinki, akakitikisa kushoto kulia mara tatu nne, mafuta yakawa kama kioo, akakitoa. Sekunde kumi na kitu hivi. Akaweka kwenye bakuli la yule aliyekuwa anatapatapa na pilipili. Jamaa akala akanyamaza, halafu akasema "sasa nimeelewa". Toka hapo kila mtu akawa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, meza nzima inahesabu kama watoto, na meza ya jirani nao wakaanza.

Kitu kingine alichotukumbusha ambacho sehemu nyingi hawasemi: vijiti vya kushika nyama mbichi visiwe vile vya kulia. Akatuletea jozi mbili ndefu za kupikia akaziweka upande wa nyama. Ni jambo dogo ila tumbo la mtu linategemea hilo, na nashangaa kwa nini kila mgahawa wa hotpot au wa kuchoma nyama mezani hauweki hivyo bila kuombwa.

Sosi unajichanganyia mwenyewe kwenye meza ya pembeni. Kulikuwa na ufuta uliosagwa mpaka ukawa mzito kama siagi ya karanga, mafuta ya ufuta, kitunguu saumu kilichopondwa, soya, siki nyeusi, giligilani, vitunguu majani, pilipili ya mafuta. Ukila upande wa mala usichukue ule ufuta mzito, chukua mafuta ya ufuta, kitunguu saumu kingi, chumvi kidogo na siki tone moja, ndo wanavyofanya watu wa Sichuan na Chongqing wenyewe kule China. Unaona ajabu kuchovya kitu chenye mafuta kwenye mafuta mengine, lakini yanapoza nyama na yanapunguza ukali. Ufuta mzito ni wa ile nyama ya upande mweupe, hapo ndo unakaa vizuri.

Sasa kitu kilichofanya niandike hii kabisa kabisa. Kati yetu kuna mmoja hali nguruwe kwa imani yake na kuna mwingine ana aleji ya uduvi na kamba, aleji ya kweli, sio ya kutopenda. Watu kama hao kwenye migahawa mingi ya Kiasia wanapata shida, na mara nyingi sio kwa sababu jikoni hawawezi kuwatengenezea, ni kwa sababu mhudumu hajui kilichomo akajibu tu "hakuna shida". Mimi nilipomuuliza huyu dada hakujibu haraka. Alienda jikoni akarudi, akatuambia wazi: supu nyeupe imechemshwa na mifupa ya nguruwe, supu nyekundu ina mafuta ya ng'ombe na hawezi kutuhakikishia kuhusu uchinjaji wake, supu za uyoga na nyanya hazina nyama kabisa. Na kwa yule wa uduvi akasema aepuke sosi ya sha cha, ina uduvi mkavu uliosagwa, na madonge ya samaki asile kwa sababu yanatoka kwenye kiwanda kinachotengeneza na ya kamba. Halafu akaleta chungu kidogo cha mtu mmoja chenye supu ya uyoga, na upawa wake na vijiti vyake, akakiweka kwenye jiko lake mbele ya mwenzetu asiyekula nguruwe. Hakuongeza hela kwa hilo jiko. Mwenzetu alifurahi mpaka akatuonea huruma sisi wengine, maana supu ya uyoga ilikuja kuwa tamu kuliko zetu zote, tukaanza kuomba omba kijiko.

Na hilo la uyoga lina sababu yake. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alichukua mwani wa kombu wanaochemshia supu kule kwao akatafuta ni nini kinachoupa ule utamu usio wa sukari wala wa chumvi, akapata glutamati, akaipa hiyo ladha jina la umami. Uyoga mkavu wa shiitake nao una kitu chake kingine cha aina hiyo, na vikikutana na mwani kwenye maji moja ladha inapanda kuliko kimoja kimoja. Kwa hiyo mtu akikwambia supu bila mfupa ni maji ya moto, mpeleke akanywe ile.

Nikiwa hapo hapo kwa wasiokula nguruwe, maana najua mtakuja kuniuliza: kwenye ramen, zile tambi za Kijapani za kwenye supu, kuwa makini na neno tonkotsu, hiyo ni supu ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa masaa mengi mpaka imekuwa nyeupe kama maziwa. Tonkatsu, kwa herufi moja tu tofauti, ni nguruwe aliyekaangwa na chenga za mkate. Kwa vyovyote vile zote mbili ni nguruwe. Hata ramen ya kuku kuna sehemu wanaweka kipande cha nguruwe juu kama kawaida tu, useme mapema. Na sosi nyingi za Kijapani zina mirin, ambayo ni pombe ya mchele ya kupikia. Kwenye vitu vitamu, mousse na jeli nyingi zina jelatini inayotokana na wanyama, ila zile jeli ngumu ngumu zilizotengenezwa kwa agari hazina tatizo, agari inatoka kwenye mwani. Uliza jina la kilichogandisha, usiulize tu "ina nguruwe?".

Mabaya ya hotpot nayo nayasema. Muda wa kukaa ulikuwa dakika 90 na hakuna aliyetuambia wakati tunakaa, tumekuja kuambiwa zimebaki ishirini na sisi tambi hatujaweka. Watu watano wanaopika wenyewe dakika 90 hazitoshi, hiyo ni hesabu ya watu wawili. Pili, bei ya meza ya sosi inahesabiwa kwa kichwa na imeandikwa kwa maandishi madogo chini ya menyu, hapo wabadilishe, waandike juu pale pa supu ili mtu ajue anaingia na nini. Tatu, feni ya kuvuta mvuke juu ya meza yetu ilikuwa inasua sua, tukatoka nguo zote zinanukia pilipili na mafuta, nywele ndo usiseme. Ukienda hotpot usivae koti la sufu, liache kwenye gari au uombe mfuko, kuna sehemu wana mifuko ya kufungia makoti.

Nne, kelele. Lakini kelele ya hotpot mimi naisamehe, ni ya watu wanaokula.

Kuna mtu kwenye grupu alisema mbona tusingeenda tu ramen, karibu na hapo kuna nzuri. Ramen naipenda jamani, naipenda sana, ila sio ya watu watano. Bakuli la ramen likitua mezani saa inaanza kuhesabu. Zile tambi zimekandwa na maji ya kansui, magadi yale, ndo yanayozipa rangi ya njano na ule mvuto wa kuruka ruka mdomoni, lakini zikikaa kwenye supu ya moto dakika chache zimelegea, mvuto umekwenda. Kwa hiyo unatakiwa ule haraka, uvute kwa sauti, usiongee. Kule Japani sehemu nyingi za ramen ni kaunta ndefu yenye viti, unaingia, unakula, unatoka, na iko sawa kabisa hivyo. Ukienda na watu watano mabakuli yanakuja matatu, halafu mawili, wale wa mwanzo kwa adabu wanasubiri wenzao, na adabu hiyo ndo inaua tambi. Mkienda ramen kama kundi, kubalianeni kabla: bakuli likifika, mwenye nalo ale.

Sushi ya mkanda inakaa katikati. Ule mkanda unaozunguka na visahani ulianzia Osaka mwaka 1958, mzee Yoshiaki Shiraishi aliona chupa za bia zinavyopita kwenye mkanda kiwandani akasema kwa nini sushi isipite hivyo. Mwaka huo huo Momofuku Ando akatoa tambi za papo kwa papo, yaani 1958 kwa watu wa kula haraka ulikuwa mwaka wa baraka. Kwa kundi mkanda una uzuri wake, kila mtu anachukua anachokitaka hakuna anayesubiri, tatizo ni kukaa. Mnakaa mstari, aliye mwisho hamsikii aliye mwanzo. Omba zile meza za pembeni za watu wanne au sita zinazogusa mkanda, kama hakuna nendeni siku nyingine.

Dim sum, vile vitafunwa vidogo vya Kichina vya kupikwa kwa mvuke, ndo mpinzani wa kweli wa hotpot kwa kundi. Vikapu vya mianzi vinakuja vya moto, kila kimoja vipande vitatu au vinne, mnaweka katikati, chai inamiminwa. Naupenda ule utaratibu wa Wakantoni wa kugonga vidole viwili mezani mtu akikumiminia chai, ni shukrani bila kukatisha stori ya anayeongea. Na chai ikiisha unafunua mfuniko wa birika ukaacha wazi, mhudumu akipita anajua. Ila mkiwa watano na kikapu kina vipande vinne mtagombana, bora muwe wanne au muagize viwili viwili tangu mwanzo. Kuchoma nyama kwa Kikorea nako kuzuri, vile visahani vidogo vya pembeni vya kimchi (kabichi iliyochachushwa) na mboga wanakuongezea bila kukutoza, ila kuna mmoja atageuka mpishi, atashika koleo na mkasi usiku mzima na atakula baridi. Mkienda huko mpokezane koleo kila sahani mpya.

Haya, vitu vitamu.

Kafe ya kwanza ni ile ambayo picha zake zimejaa kwenye simu za watu, kuta pinki, taa za maandishi, maua ya plastiki. Sitataja jina. Tuliagiza boba tatu, matcha (chai ya kijani ya unga ya Kijapani) ya maziwa moja na zile pankeki nene za Kijapani za kutikisika. Tukasubiri dakika arobaini. Hilo la kusubiri kwa pankeki nalielewa kabisa, zile zinatengenezwa kwa ute wa yai uliopigwa mpaka ukasimama, zinapikwa kwa moto mdogo na mfuniko juu, huwezi kuziharakisha. Lakini zikishatoka jikoni zina dakika chache tu za kusimama kabla hewa haijaanza kutoka, kwa hiyo zinatakiwa zitoke kwenye jiko zije mezani moja kwa moja. Zetu niliziona kwa macho yangu zimekaa kwenye kaunta zinasubiri mtu wa kunyunyiza sukari ya unga, zikasubiri na stroberi zikatwe, zilipofika zimeshalala kama mto uliokaliwa. Ladha ya yai tu.

Boba ndo ilinisikitisha zaidi kwa sababu boba naijali. Ni kinywaji cha Taiwani, kimetoka huko miaka ya 1980, na kuna maduka mawili ya chai, Chun Shui Tang la Taichung na Hanlin la Tainan, kila moja linasema ndo lilianza, walipelekana mahakamani miaka kumi mpaka 2019 mahakama ikasema kinywaji hiki hakina hataza, mtu yeyote anaruhusiwa kukitengeneza, hakuna haja ya kuamua nani wa kwanza. Watu wamepigania hicho kitu miaka kumi, halafu wewe unakitengeneza asubuhi unakiuza usiku! Maana zile chembe ni wanga wa muhogo, zinachemshwa, zinaachwa zitulie kwenye maji ya moto, zinalowekwa kwenye sukari ya kahawia, na baada ya hapo zina masaa kama manne hivi ya kuwa laini. Zikipita hapo zinaanza kukakamaa kutokea ndani. Nilitoa moja kwenye glasi nikaikata kwa kijiko: nje nyeusi inang'aa vizuri tu, ndani katikati kuna duara jeupe la unga, kavu, kama chaki. Ya pili hivyo hivyo. Boba nzuri ukiikata rangi ni moja mpaka ndani, ukitafuna inarudisha meno kidogo halafu inakubali.

Nilimwonyesha kijana wa kaunta kwa upole, nikamwambia mdogo wangu hizi zimekaa. Akaniambia ndo zilivyo. Nikamwomba aulize walizichemsha saa ngapi, akasema meneja hayupo. Simlaumu yeye, inaonekana hakuna aliyemfundisha, mtu kapewa kijiko na mashine ya kufunga vikombe akaambiwa uza. Ila mwenye kafe ananilipisha hela ya boba freshi, na kitu cha kuchemsha kidogo kidogo kila baada ya masaa kadhaa sio gharama kubwa, ni kujali tu. Matcha nayo ilikuwa ya rangi ya njano inayoelekea kahawia, hiyo ukiiona usiinywe kwa matumaini, majani ya matcha yanafunikwa kivuli kama wiki tatu kabla ya kuchumwa ili yabaki kijani kibichi kweli kweli, yakififia hivyo ni ya zamani au yaliachwa wazi yakapigwa na hewa na mwanga. Sukari ilikuwa nyingi kufunika uchungu. Tuliomba asilimia 30, tukaletewa kama hakuna aliyetusikia.

Tukatoka kimya. Mmoja akasema basi twendeni nyumbani, mimi nikakataa, nikasema usiku hauwezi kuishia hapa, nikawapeleka sehemu ya pili, kikafe kidogo cha meza sita, wanandoa wawili tu wanaendesha, yeye mume yuko kwenye mashine, mke anapokea oda na kupanga matunda. Menyu ukurasa mmoja. Bingsu za aina nne, wali mtamu wa nazi na embe wa Kithai, na chai.

Bingsu ya Kikorea watu wanaisikia wanadhani ni barafu ya kukwaruza yenye sharubati. Hapana. Kwenye bingsu nyingi za siku hizi kinachogandishwa ni maziwa. Wana mashine yenye ngoma ya baridi kali inayozunguka, maziwa yanamwagika juu yake yanaganda hapo hapo, kisu kinayakwangua, yanaanguka kama manyoya. Nilisimama nikaangalia, bakuli linajaa taratibu bila sauti yoyote ya barafu kuvunjika. Ukiweka mdomoni hakuna cha kutafuna, inapotea, inabaki baridi na maziwa. Tulichukua moja ya injeolmi, ina unga wa soya iliyokaangwa na vipande vya mochi, keki ya mchele inayonata, juu, ladha yake inafanana na karanga iliyokaangwa lakini kavu zaidi, na moja ya maharage mekundu, ile ya asili kabisa inaitwa patbingsu. Mwenzetu mmoja aligoma, maharage kwenye kitu kitamu hapana. Nikamwambia chukua nusu kijiko, na maziwa mengi. Maharage yalikuwa yamepikwa yakalainika ila bado yana umbo, utamu wa mbali, chumvi inasikika kidogo nyuma. Alikula nusu ya bakuli huyo.

Tukabishana pia kama bingsu inachanganywa au hailiwi hivyo. Wengine wanakoroga yote kama uji, mimi siwezi, ukikoroga unayeyusha ile theluji na unga wa soya unakuwa tope. Unakula kutokea pembeni, unashuka chini, kila kijiko kiwe na kidogo cha juu. Huyo mume akatuona tunabishana akatuletea kibakuli cha unga wa ziada na maharage ya ziada, akasema ya juu yakiisha kabla ya barafu mwongeze. Kwenye kafe nyingi hilo ndo tatizo la bingsu, juu pamejaa picha na chini ni maziwa matupu. Yeye alikuwa ameweka maharage na katikati pia, tulikuja kuyakuta tulipofika nusu.

Wali wa nazi na embe nao hautasahaulika. Wali ule wa kunata umepikwa kwa mvuke sio kwa kuchemsha, tui limemwagwa juu likiwa na chumvi kabisa, chumvi unayoisikia, na ndo inayofanya embe lionekane tamu. Yule wa uduvi alisema hiki ndo kitu alichokula bila kuuliza chochote usiku mzima, kwa raha zake.

Mtu mmoja mezani akasema "hii sio tamu sana", na yule mama akageuka akacheka kwa furaha kweli, akasema asante sana. Ni kwamba kwa watu wa Asia Mashariki hiyo ndo sifa kubwa ya kitu kitamu, kwamba sukari haikufunika kitu. Mwenzetu alikuwa hajui kama amesifia, lakini alikuwa anamaanisha.

Walikuwa wanafunga saa nne, tukatoka na nusu. Hakuna aliyezima taa wala kupandisha viti juu ya meza kutuashiria tuondoke, mume alikuwa anaosha ngoma ya mashine huku anatusikiliza stori. Chini ya bakuli la patbingsu kulikuwa kumebaki maziwa yameyeyuka, yamekuwa pinki pinki na maharage matatu manne, vijiko vitano vyote vimelazwa kando kila mtu anamwachia mwenzake, mwisho aliyesema hali maharage akauliza kama tumemaliza, akainua bakuli kwa mikono miwili akalinywa lote.

Wiki mbili zijazo tunarudi hapo, safari hii tunaanzia dim sum, tutakuwa sita, na vikapu naagiza viwili viwili.